Waamuzi wa kulipwa wakigoma, mwamuzi wa ridhaa aende uwanjani?

*Swali:* Shikamoo wakili. Naishi North Carolina, huu ni mwaka wa sita. Besiboli niliijulia sekondari Dar es Salaam kwa walimu wa Kijapani, na nilipofika huku nikaanza kuchezesha mechi za watoto, kisha za shule za sekondari. Nalipwa kwa mechi, dola 80 hivi. Juzi bwana anayetupangia mechi alituuliza kimya kimya: ikitokea waamuzi wa kulipwa wa ligi ndogo (zile za chini zinazolea wachezaji wa ligi kubwa) wakagoma, nani yuko tayari kuitwa? Malipo yatakuwa zaidi ya mara mbili ya haya yetu. Nilinyoosha mkono. Mzee aliyenifundisha kazi hii, ambaye zamani alichezesha ligi ndogo na aligoma mwaka 2006, alinitazama tu akaondoka. Usiku akanitumia ujumbe kwamba nikienda nisimpigie simu tena. Wenzangu wamegawanyika. Kuna wanaosema ni kosa kisheria, kuna wanaosema huku kwetu kuna sheria ya haki ya kufanya kazi kwa hiyo hakuna wa kunigusa, na wapo wanaosema hiyo ndiyo njia ya mkato ya kuingia ligi kubwa. Mke wangu anasema hela ni hela. Je, nikienda nitakuwa nimevunja sheria? Nitawekwa kwenye orodha ya watu wabaya? Na kwa nini mzee wangu amechukia hivi kwa mechi ambayo haijachezwa bado?

*Jibu:* Marahaba, ndugu yangu. Umeniuliza mambo ya sheria, lakini naona kinachokusumbua ni ule ujumbe wa usiku. Nitaanza na sheria kwa kuwa ni fupi, halafu tutakaa na mzee wako kwa muda mrefu zaidi.

Kwa sheria za Marekani, kwenda kuchezesha mechi wakati waamuzi wa kulipwa wamegoma si kosa. Hakuna polisi atakayekuja kwako. Chama cha wagomaji hakiwezi kukutoza faini, maana faini za vyama huwapata wanachama wao na wewe si mwanachama. Nadhani najua wasiwasi huu umetoka wapi. Sisi tuliokulia Tanzania tuna sheria nyingine kichwani: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kuleta wafanyakazi mbadala wakati wa mgomo halali. Mtu aliyezoea hivyo akifika Marekani anaona kama kuna kitu kimekosewa. Hakijakosewa, ndivyo walivyoamua. Tangu mwaka 1938, katika kesi ya kampuni ya simu za upepo iitwayo Mackay, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwajiri anaruhusiwa kuziba nafasi za wanaogomea maslahi, na mgomo ukiisha halazimiki kuwafukuza aliowaleta ili wenye nafasi warudi. Wagomaji hubaki kwenye orodha ya kusubiri nafasi ikitokea. Hali hubadilika pale mgomo unapotokana na mwajiri mwenyewe kuvunja sheria ya kazi, kwa mfano kukataa kujadiliana kwa nia njema. Hapo wagomaji wanarudishwa hata kama viti vyao vina watu.

Ishike kesi hiyo, kwa sababu hasira zote unazoziona zimejengwa juu yake. Mahali ambapo mbadala ni wa siku chache tu, mgomaji anaweza kumkasirikia kisha akasahau. Mahali ambapo mbadala anaweza kupewa kiti chake moja kwa moja, kila anayekubali kuitwa ni mtu anayeweza kula mkate wake kwa maisha yake yote.

Hiyo sheria ya haki ya kufanya kazi wanayoitaja wenzako ipo kweli North Carolina, ila wanaipa kazi isiyo yake. Inazuia mtu kulazimishwa kujiunga na chama au kukilipia ada ili apate ajira. Haikupi kinga yoyote ya ziada ukienda kushika nafasi ya aliyegoma, na wala hukuihitaji.

Sasa hii ya njia ya mkato. Hapa nitakuwa mkali kidogo, maana ndiyo imani inayowaponza vijana. Mwaka 1979 waamuzi wa ligi kubwa walikataa kusaini mikataba yao, na msimu ukafunguliwa mwezi wa Aprili bila wao. Mwaka uliotangulia walijaribu kugoma mwezi wa Agosti, mahakama ikawarudisha kazini baada ya siku moja, ndipo mwanasheria wao wa Philadelphia, Richie Phillips, akaona watumie mlango wa mikataba binafsi badala ya kuuita mgomo. Viwanja vilijazwa na mchanganyiko: waamuzi wachache waliopandishwa kutoka ligi ndogo, na watu kama wewe, wa vyuo na wa shule, waliookotwa mji kwa mji. Katikati ya Mei wenyewe wakarudi na nyongeza nzuri ya mishahara pamoja na likizo katikati ya msimu, kitu ambacho hawakuwa nacho kabla. Ligi zikabakiza watu 8 kati ya wale mbadala. Unajua hao 8 walikuwa nani? Wote walikuwa waamuzi wa kulipwa wa ligi ndogo, watu waliokwisha pita shule ya waamuzi na kulala miaka kwenye hoteli za bei rahisi. Wa ridhaa waliambiwa asante, wakarudi kwenye mechi za watoto.

Mwaka 1984 ikawa wazi zaidi. Waamuzi waligoma mechi za mtoano, yaani zile za kuelekea fainali, na ligi ikawaita waamuzi wa vyuo pamoja na mstaafu mmoja, Bill Deegan. Detroit na Kansas City walimaliza kazi yao kwa mechi 3, zote zikachezeshwa na mbadala. San Diego na Chicago Cubs walikwenda hadi mechi ya 5. Peter Ueberroth, kamishna aliyekuwa na siku chache tu ofisini, akaingilia kama msuluhishi, na mechi hiyo ya mwisho, tarehe 7 Oktoba, waamuzi wenyewe walikuwa uwanjani. Wale wa vyuo walipata hadithi ya kuwasimulia wajukuu. Nafasi ya kazi hawakuipata.

Kwa hiyo wewe, mwamuzi wa shule za sekondari, njia yako ya kwenda juu ni ileile iliyokuwepo kabla hujanyoosha mkono: mafunzo ya waamuzi, kuchaguliwa, kisha ngazi za chini kabisa za ligi ndogo, miaka saba, minane, hata zaidi, ukisubiri mtu astaafu kwenye kundi la watu 76 tu wa ligi kubwa. Mgomo hauufupishi msururu huo. Ukiufupishia mtu yeyote, atakuwa yule aliye tayari ndani yake.

Hapo tumfikirie sasa yule aliye ndani ya msururu, kwa sababu mzee wako alikuwa mmoja wao.

Watu wakisikia mwamuzi wa kulipwa wanafikiri tajiri. Wa ligi kubwa wanaishi vizuri, sibishi. Wa ligi ndogo, mwaka ule wa 2006, walikuwa wakianza na dola 1,800 hivi kwa mwezi ngazi ya chini, na aliyefika Triple-A, hatua moja kabla ya ligi kubwa, aliishia kama dola 3,400. Na mwezi maana yake mwezi wa msimu. Msimu ukiisha, mshahara umeisha. Majira ya baridi wanatafuta vibarua kama watu wengine. Walikuwa kama 220, wana chama chao kilichokuwa na umri wa miaka michache tu. Walipogoma mwanzoni mwa Aprili mwaka huo walikuwa wanadai nyongeza ya mshahara na posho ya chakula ambayo kwa mtu anayeishi barabarani ni suala la kula kuku au kula mkate mtupu. Walisimama na mabango nje ya viwanja. Ndani ya viwanja walikuwepo waamuzi wa vyuo na wa sekondari, waliopatikana kupitia watu kama huyo bwana anayekupangia mechi.

Uliuliza kwa nini amechukia kwa mechi ambayo haijachezwa. Ndugu yangu, kwake imeshachezwa.

Nikueleze jinsi mgomo wa mwamuzi unavyofanya kazi, maana hautofautiani sana na mgomo wa dereva wa daladala, isipokuwa kwa jambo moja. Dereva akigoma, abiria wanabaki kituoni na kila mtu anaona pengo. Mwamuzi akigoma, mashabiki hawakuja kumwangalia yeye. Wamekuja kuangalia mpira. Ukiweka mtu yeyote aliyevaa shati la bluu nyuma ya mdakaji, yule anayeudaka mpira uliotupwa kwa mpigaji, tiketi inauzwa, soda inauzwa, mechi inahesabika kwenye msimamo. Nguvu pekee ya mwamuzi aliyegoma ni kwamba mtu mwingine hataweza kuifanya kazi ile vizuri kiasi cha kutosha, na wachezaji na makocha wataanza kulalamika mpaka ligi ichoke. Yaani mgomaji anategemea makosa ya mbadala. Ni jambo baya kulitegemea, na ndiyo maana uhusiano unaharibika upesi: aliye nje anaomba wewe ukosee, na wewe ukijitahidi kufanya kazi nzuri, ndivyo unavyozidi kumkandamiza.

Na makosa yatakuwepo, hata uwe hodari vipi. Wewe umezoea mechi ya sekondari ya vipindi 7, waamuzi wawili, mtupaji wa miaka 17. Kule mpira unakuja kwa kasi ya zaidi ya maili 90 kwa saa na unafika kwa mpigaji baada ya sekunde 0.4 hivi. Unapinda mwishoni, pale macho yako yameshaamua. Ukishalikosea eneo la straiki (pale mpira ukipita mpigaji anahesabiwa kosa, na makosa matatu yanamtoa) mara tatu mwanzoni mwa mechi, benchi zote mbili zitakuwa zimekusoma. Huyo mchezaji naye anapigania riziki yake. Straiki moja ya uongo inaweza kumnyima kupandishwa. Hana subira na mgeni.

Mfano ulio karibu na wewe ni timu ya ligi ndogo ya Durham Bulls, ya hapohapo North Carolina. Tarehe 26 Aprili 2006, katikati ya mgomo ule, walikuwa wanacheza Pawtucket, Rhode Island. Mchezaji wao kijana, Delmon Young, aliyekuwa akitajwa sana kama nyota ajaye, alitolewa kwa straiki ya tatu ambayo hakuikubali. Akabishana, akatolewa mchezoni, akageuka kuondoka, kisha akalirusha gongo. (Gongo hili la mti, jamani, si lile la chupa.) Likampiga mwamuzi mbadala kifuani. Young alifungiwa mechi 50, na mwamuzi kwa bahati hakuumia vibaya. Watu wanaikumbuka video. Mimi huwa nawaza lile swali la siku iliyofuata: yule mwamuzi angevunjika mbavu, bili ya hospitali ingekuwa ya nani?

Hilo ndilo swali la kwanza ambalo ungemuuliza bwana wenu kabla ya kuuliza malipo ni kiasi gani. Wewe kwenye mechi zako za sekondari karibu hakika unahesabiwa kama mtu anayejitegemea, si mwajiriwa. Kwa kawaida mtu wa namna hiyo hana bima ya kuumia kazini. Ukiitwa kuziba nafasi ya mgomaji, nani anakuajiri: ligi, klabu, au bwana wenu mwenyewe? Uwe na karatasi. Maneno ya simu hayatoshi mahali ambapo vitu vinarushwa.

Suala hili la kujitegemea lina mtego mwingine ambao wengi hawaufahamu. Wewe peke yako una uhuru kamili wa kusema siendi, bila kutoa sababu. Lakini tuseme chama chenu cha waamuzi wa ridhaa kinaitisha mkutano na kupiga kura: hakuna hata mmoja wetu atakayekwenda mpaka bei ipande. Waajiriwa wakifanya hivyo sheria inawalinda. Wanaojitegemea wanaweza kuonekana kama wafanyabiashara waliokula njama ya bei. Mwaka 1990 Mahakama Kuu iliwahukumu hivyo mawakili wa Washington waliosusia kesi za watu maskini wakidai ada bora, na nia yao nzuri haikuwasaidia. Kwa upande mwingine, mwaka 2022 mahakama ya rufani iliyoko Boston iliwatetea wapanda farasi wa Puerto Rico waliogomea mbio, ikasema mgogoro ukiwa wa malipo ya kazi yao wenyewe, kinga ipo hata kama ni watu wanaojitegemea. North Carolina haiko chini ya mahakama hiyo ya Boston. Na waamuzi wa ridhaa wenyewe wamewahi kuligusa suala hili: waamuzi wa lakrosi (mchezo wa mpira na fimbo zenye wavu) wa mechi za shule huko Pennsylvania walitaka kuunda chama, bodi ya kazi ikasema ni waajiriwa, mwaka 2019 mahakama ya rufani ikasema sivyo, wanajitegemea. Kwa hiyo kama wenzako wanataka kutoa tamko la pamoja, lolote lile, la kwenda au la kutokwenda, wamuone kwanza wakili wa kazi wa hapo jimboni. Mtu mmoja mmoja kukataa hakuhitaji wakili.

Turudi kwenye orodha ya watu wabaya. Orodha rasmi usiiogope. Chama kikimshinikiza mwajiri akunyime ajira kwa sababu hukuunga mkono mgomo, hilo nalo limekatazwa. Isiyo rasmi ni habari nyingine, na hapo lazima nikurudishe kwa wale 8 wa mwaka 1979.

Mwamuzi wa ligi kubwa hana timu ya nyumbani. Mchezaji akicheza ugenini na kuzomewa, keshokutwa yuko kwao anashangiliwa. Mwamuzi yuko ugenini msimu mzima, kuanzia Aprili hadi Oktoba, mji huu leo, mji ule Ijumaa. Alichonacho ni wenzake watatu wa kikosi. Nao ndio anaokula nao, anaovaa nao kwenye chumba kidogo chini ya majukwaa, anaopanda nao ndege, na ndio watakaosimama kati yake na kocha anayetema mate usoni. Sasa chukua mtu, mpe kikosi hicho, halafu waambie wale watatu wasimsemeshe. Ndivyo ilivyokuwa. Walifanya naye kazi uwanjani kwa sababu mkataba unawataka, wakitoka hapo kila mtu njia yake. Chama kilikataa kuwapokea. Dave Pallone, mmoja wao, alidumu misimu 10 namna hiyo mpaka alipoondoka mwaka 1988. Derryl Cousins aliendelea hadi mwaka 2012, misimu 34, akachezesha fainali za dunia zaidi ya mara moja, na kila alipotajwa kuna mtu aliyekumbuka kuongeza kwamba aliingia mwaka 79. Tafakari: mtu amefanya kazi miaka 34, na bado anatambulishwa kwa wiki sita za kwanza.

Huwa najiuliza kama hasira ile ilikuwa ya haki. Jibu langu ni kwamba ilikuwa na haki kwa mwaka mmoja au miwili, baada ya hapo ikawa ukatili wa mazoea. Walioweka masharti yale walikuwa wenye ligi, waliosaini karatasi za kuwabakiza wale 8. Hao walikula chakula cha jioni kwa amani, huku waamuzi wanne wakinuniana kwenye chumba cha kuvalia. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Ajabu ni kwamba baada ya miaka 20 panzi walijimaliza wenyewe. Mwaka 1999 mkataba uliwakataza kugoma, basi Phillips akawashauri wajiuzulu kwa pamoja. Tarehe 14 Julai, waamuzi 57 kati ya 68 wakatangaza kwamba wataacha kazi tarehe 2 Septemba, wakiamini ligi itatetemeka. Ligi ikaajiri watu 25 kutoka ligi ndogo. Wengi wakakimbia kufuta barua zao, na 22 wakajikuta hawana kazi. Baadhi walirudishwa baadaye kwa usuluhishi, wengine hawakurudi kamwe. Chama kile kikavunjika, kikaundwa kingine. Nalitaja hili kwa sababu moja: wale 25 hawakuvuka mstari wowote wa mgomo, walijaza nafasi ambazo wenyewe walizitangaza kuwa wazi, na kila mmoja wao alikuwa ameingojea siku hiyo kwa miaka. Bado walipokelewa kwa macho ya chuki na baadhi ya watu. Kwa hiyo usidhani ukiwa na hoja safi ya kisheria utasamehewa. Watu hawasomi mkataba kabla ya kukununia.

Kwa hali yako wewe, ambaye hutabaki ligi ndogo, sidhani kama utabebeshwa mzigo wa miaka 34. Utachezesha wiki mbili, au sita, halafu utarudi kwenye chama chenu cha mtaa. Ila angalia nani mwingine atarudi huko. Waamuzi wengi wa ligi ndogo hawafiki ligi kubwa. Huachishwa baada ya miaka kadhaa, na kama bado wanaipenda kazi, hurudi nyumbani kuchezesha vyuo na sekondari. Mzee wako ni mmoja wao. Yule kijana atakayekuwa nje na bango lake wakati wewe uko ndani na barakoa yake, kuna uwezekano mzuri tu kwamba miaka mitatu ijayo mtapangiwa mechi moja, wewe nyuma ya mdakaji, yeye kwenye besi ya kwanza. Huu mpaka kati ya wa kulipwa na wa ridhaa unaonekana mrefu ukiutazama kutoka kwenye jukwaa. Wenye kazi yao wanauvuka kila mwaka kurudi chini.

Upande wa mkeo nao una hoja, na nisingependa umdharau. Dola mia na kitu kwa mechi, mechi 20, ni kodi ya nyumba. Mtu mwenye deni na watoto hana anasa ya kuonekana mwema mbele ya watu asiowajua. Nimewahi kukaa kwenye vikao vya usuluhishi upande wa wafanyakazi, na nimeona wagomaji wakimtukana mbadala ambaye alikuwa na njaa kuliko wao. Ukienda, nenda ukijua unafanya nini, kwa kiasi gani, kwa muda gani, na usijidanganye kwamba ni bahati ya kupanda ngazi. Hapo tu ndipo mtu anapoweza kuutazama uamuzi wake baadaye bila kujificha.

Ukiniuliza mimi ningefanya nini, nisingekwenda. Sababu yangu si kwamba waliogoma siku zote wana haki. Mwaka 1999 walifanya upuuzi. Ni hesabu tu. Faida yote iko kwenye wiki chache, hasara yote iko kwenye miaka, na mwajiri atakayekuita hatakukumbuka jina. Kwa migomo ya ligi ndogo hasa, ambako mgomaji anapata pesa kidogo kiasi kile, nyongeza atakayoipata ndiyo itakayosukuma juu hata bei ya mechi zenu za chini. Mwenzangu mmoja katika kazi hii anaona tofauti, anasema mwamuzi wa ridhaa hana deni lolote kwa chama kisichowahi kumfungulia mlango, na hoja hiyo sina jibu lake kamili.

Jambo ambalo hukuniambia ni aina ya makaratasi yako. Kama una kadi ya kijani au uraia, ruka aya hii. Kama uko kwa viza ya mwanafunzi, au kibali kinachokufunga kwa mwajiri mmoja, simama kabla ya kitu kingine chochote, na hilo linahusu hata hizo dola 80 unazopokea sasa. Kazi isiyoruhusiwa inaweza kukuharibia hadhi yako ya kuishi, na mechi ya mgomo ni mechi inayopigwa picha na magazeti. Hilo si la kuulizia kwa ujumbe. Tafuta wakili wa uhamiaji, ukae naye ana kwa ana, ukiwa na pasi na vibali vyako vyote mkononi.

Kwa maswali ya mgomo wenyewe, Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi, NLRB, ina ofisi za kanda zenye afisa wa kujibu raia, bure, na huhitaji kuwa mwanachama wa chama chochote. Mpigie mgomo ukishatangazwa rasmi, umuulize mambo mawili: ni mgomo wa maslahi au wa kupinga uvunjaji wa sheria, na je, ni mgomo au ligi ndiyo iliyowafungia waamuzi milango? Mwaka 1995, kwa mfano, ligi kubwa ndiyo iliyowafungia nje tangu Januari, na mbadala wakachezesha mpaka mwanzoni mwa Mei. Watu wengi walizungumza kana kwamba waamuzi ndio waliogoma. Jibu la swali hilo litabadilisha namna unavyomtazama aliye nje ya geti.

Na kwa bwana anayewapangia mechi, mwambie leo, kabla hapajatokea chochote, kwamba mkono wako umeushusha, au kwamba bado uko juu lakini unataka kwanza karatasi ya bima. Asije akakuhesabu kwa kimya chako.

Yule mzee usimjibu kwa ujumbe. Nenda kwake, na usiende na hotuba ya kujitetea. Alikufundisha kusimama nyuma ya mdakaji, lakini inaonekana hakuwahi kukusimulia zile wiki kumi za mwaka 2006, alikula nini, nani alimpita getini akiwa na begi la vifaa, na kama alimfahamu. Muulize hayo. Halafu umwambie na hali ya nyumbani kwako ilivyo, kwa sababu nina hakika hilo nalo halijui.